Mechi 99, Magoli 8: Quinton Byfield na Miaka ya Mwanzo ya Mchezaji wa Hoki ya Barafuni

Msimu wa 2022–23 ulipokwisha, Quinton Byfield alikuwa na mechi 99 za msimu wa kawaida kwenye NHL, ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Marekani na Kanada, na magoli 8. Huyu ndiye kijana aliyechaguliwa wa pili kwenye drafti ya 2020, ambako klabu huchagua vijana kwa zamu, nafasi ya juu kuliko aliyowahi kuchaguliwa mchezaji mweusi yeyote katika historia ya ligi hiyo. Mashabiki wengi wa Los Angeles Kings walijiona wamepigwa. Msimu uliofuata akafunga 20 na asisti 35, na Julai 2024 klabu ikampa mkataba wa miaka 5 wa dola milioni 31.25. Watu wakasema kijana ameamka.

Mimi naona hakuwa amelala. Ukiipitia miaka ile taratibu, mkataba mkononi na kalenda ukutani, karibu kila kilichoitwa kuchelewa kina sababu yake, na sababu nyingi hazihusu kipaji. Na kwa kuwa njia aliyopita ndiyo wanayopita vijana wengi wanaoingia NHL, yeye ni mfano mzuri wa kuonyesha mashine yenyewe inavyofanya kazi.

Tuanze na tarehe ya kuzaliwa. Anayeingia drafti lazima awe ametimiza miaka 18 kufikia Septemba 15 ya mwaka huo. Byfield alizaliwa Agosti 19, 2002, mjini Newmarket, jimbo la Ontario, Kanada. Angechelewa kuzaliwa wiki 4 tu angesubiri drafti ya 2021. Alexis Lafrenière, aliyechaguliwa wa kwanza na New York Rangers siku hiyohiyo, alizaliwa Oktoba 11, 2001. Wamepishana miezi 10. Kwa watu wazima miezi 10 si kitu. Kwa mvulana wa miaka 18 ni msimu mzima wa kucheza na kilo kadhaa za misuli. Drafti inawaweka kwenye foleni moja, na mashabiki nao wanawapima kwa saa moja.

Namba alizoingia nazo zilikuwa kubwa: pointi 82 katika mechi 45 akiwa na Sudbury Wolves kwenye ligi ya vijana ya OHL, msimu wa 2019–20. Pointi kwenye hoki ni goli au asisti, kila moja ina thamani ya 1, na goli moja laweza kuwa na asisti mbili. Lakini kijana mwenye urefu unaozidi sentimita 190 na uzito unaokaribia kilo 100, akicheza na vijana wenzake, anabebwa na mwili. Akikosea mwelekeo anafidia kwa hatua mbili ndefu. Akipokonywa kisahani, kile kinachopigwa badala ya mpira, anakirudisha kwa mkono mrefu. Makosa yapo, ila hayaadhibiwi, na kosa lisiloadhibiwa hugeuka mazoea.

Kuhusu yale majaribio ya nguvu wanayofanyiwa vijana kabla ya drafti sitasema mengi. Mwaka 2020 hayakufanyika kwa sababu ya korona, na hata yakifanyika huwa yanapewa uzito kuliko yanavyostahili. Sam Bennett alishindwa kujivuta kwenye chuma hata mara moja mwaka 2014, akachekwa, Calgary wakamchukua wa nne. Mwaka 2025 alikuwa mchezaji bora wa mechi za mtoano akiwa na Florida Panthers.

Sasa kifungu ambacho mashabiki wengi hawakijui vizuri. Ligi tatu kubwa za vijana za Kanada, yaani OHL, WHL na QMJHL, zina makubaliano na NHL. Kijana aliyechaguliwa kutoka huko, akiwa bado hajafikisha miaka 20, kwa miaka mingi alikuwa na njia mbili tu: abaki NHL, au arudi kwenye timu yake ya vijana. AHL, ligi ya daraja la pili ambako klabu hulea wachezaji wao, ilikuwa imefungwa kwake. Kusudi la kifungu hiki ni kuzilinda ligi za vijana zisikaushwe nyota wao, maana ndio wanaojaza viwanja. Matokeo yake ni kwamba kijana aliyeizidi ligi ya vijana, lakini hajaiva kwa NHL, hakuwa na mahali panapomfaa. Alirudi kufunga magoli manne kwa wiki asijifunze kitu, au alikaa benchi la NHL akicheza dakika 7 kwa mechi.

Byfield alisalimika kwa ajali ya historia. Msimu wa 2020–21 OHL haikucheza kabisa kwa sababu ya korona, kwa hiyo vijana wa huko wakaruhusiwa kucheza AHL wakiwa na miaka 18. Akapelekwa Ontario Reign, timu ya Kings kwenye AHL. Na hapa wengi huchanganyikiwa: Ontario hii si lile jimbo alikozaliwa. Ni mji wa California, mashariki ya Los Angeles, mwendo wa kama saa moja kwa gari barabara zisipokuwa na msongamano. Hadi mwaka 2015 timu ya AHL ya Kings ilikuwa Manchester, New Hampshire, pwani ya upande wa pili wa Marekani. Kumwita mchezaji mmoja kulimaanisha ndege na siku nzima ya kupoteza. Leo kocha akipata majeruhi kwenye mazoezi ya asubuhi, mbadala wake anaweza kuwa uwanjani jioni.

Msimu huo wa kwanza Byfield alicheza mechi 32 za AHL akapata pointi 20. Mechi zao za nyumbani zilichezewa kwenye kituo cha mazoezi cha El Segundo, bila watazamaji. Kisha akaitwa NHL, akaanza Aprili 28, 2021 dhidi ya Anaheim Ducks, akacheza mechi 6, akapata asisti 1, basi.

Kwa nini 6? Mkataba wa kwanza wa NHL kwa anayesaini akiwa na miaka 18 hadi 21 ni wa miaka 3, bila hiari. Lakini aliyesaini akiwa na miaka 18 au 19, na msimu huo akacheza mechi pungufu ya 10 za NHL, mwaka wake hauhesabiwi; mkataba wote unasogezwa mbele. Ndiyo maana kila Novemba utasikia kijana fulani amecheza mechi 9 halafu amerudishwa. Ya 10 ingewasha saa. Msimu wa 2020–21 ulifupishwa hadi mechi 56, kikomo nacho kikashushwa hadi 7, ndiyo maana Byfael aliishia 6. Kwa klabu, mwaka mmoja wa bei rahisi unahama kutoka miaka 18, ambayo mchezaji hana mengi ya kutoa, kwenda miaka 21, ambayo anaanza kustahili mamilioni.

Hesabu yenyewe inapendeza ukiifungua. Kwa waliochaguliwa 2020, kiwango cha juu cha mkataba wa kwanza kilikuwa dola 925,000 kwa mwaka. Asilimia 10 ya hizo, dola 92,500, zinaruhusiwa kulipwa kama fedha ya kusaini, na zilizobaki, 832,500, ni mshahara. Mkataba unaposogezwa, mshahara ndio unaosogea. Fedha ya kusaini ya mwaka ule inalipwa palepale na haihami. Kwa hiyo kwenye miaka mitatu iliyobaki kuna mishahara mitatu lakini fedha ya kusaini mara mbili tu: jumla 2,682,500, ugawe kwa 3, unapata 894,167. Hiyo ndiyo namba iliyosomeka kwenye hesabu za Kings dhidi ya kikomo cha mishahara cha ligi mpaka 2024. Mtu akiona tarakimu za ajabu namna hiyo kwenye mkataba wa kijana, ajue mwaka ulisogezwa.

Tena mshahara wa NHL haulipwi kama mtu ameshaupata. Unahesabiwa kwa siku. Msimu una siku kama 190, hivyo 832,500 ni takriban dola 4,400 kwa kila siku aliyolala akiwa kwenye kikosi cha NHL, awe amecheza au amekaa jukwaani na suti. Akishushwa AHL, kipengele cha pili cha mkataba kinaanza kazi, na kwa vijana wa rika lake hicho hukaa karibu na dola 80,000 kwa msimu mzima, yaani kama 420 kwa siku. Kutoka 4,400 hadi 420 kwa simu moja ya asubuhi. Juu ya hapo kuna wakala, kwa kawaida asilimia 3 au 4. Kuna kodi, na California ni miongoni mwa majimbo yanayokata kodi kubwa zaidi ya mapato. Na kuna makato yanayoshikiliwa hadi ligi ijue mapato yake, ambayo 2020–21 yalifika asilimia 20 ya mshahara wa NHL. Kijana anayenunua gari kwa kuangalia 925,000 anaumia mapema sana.

AHL nayo inahitaji maneno mawili. Mechi ni 72, nyingi zimebanwa Ijumaa, Jumamosi na Jumapili, na safari nyingi ni za basi. Ligi ina sheria kwamba kati ya wachezaji 18 wasio makipa wanaovaa kila mechi, 13 lazima wawe wa kulelewa: 12 wenye mechi za kulipwa zisizozidi 260, na mmoja asiyezidi 320. Kwa hiyo wakongwe ni wachache, na kijana anapewa dakika 18 na zaidi, pamoja na zile nafasi ambazo mpinzani amepunguzwa mchezaji. Karibu asilimia 90 ya wachezaji wa NHL wamepita huko. Anayeona kushushwa AHL ni adhabu hajaelewa mahali pale ni pa nini.

Ila kuna kitu AHL haikufundishi kwa ukamilifu, nacho ni kasi ya kuamua ukiwa senta.

Hapa ndipo napenda kukaa, kwa sababu ndipo ilipo siri ya zile mechi 99. Kwenye hoki timu huwa na wachezaji 5 na kipa barafuni: mabeki 2, mawinga 2, senta 1. Uwanja wa NHL ni kama mita 61 kwa 26. Kisahani kikiwa upande wa adui, watatu wa mbele hawatofautiani sana. Kikiwa upande wenu, winga ana kazi ndogo na ya wazi: asimame karibu na ukuta upande wake, amwangalie beki wa adui aliye karibu na mstari wa bluu, ule unaotenga eneo mnalolinda na katikati ya uwanja, na kisahani kikija ukutani akitoe nje. Senta ana kazi ya beki wa tatu. Anashuka mpaka nyuma ya goli, anamsaidia beki aliyezidiwa, anamkaba anayeingia katikati, na adui akipoteza kisahani yeye ndiye wa kwanza kutafutwa kwa pasi.

Kosa kubwa la masenta vijana ni kuzunguka. Kwenye ligi ya vijana, kisahani kikihama kutoka kona ya kushoto kwenda kulia, kijana mwenye mbio hukata duara kubwa kukifuata ili asipoteze mwendo. Duara lile linampeleka mita 3 au 4 mbali na mtu wake kwa sekunde moja. Kwa vijana sekunde hiyo haitoshi kumuumiza mtu. Kwenye NHL ni goli. Makocha wanataka asimame kabisa, chuma kikwaruze barafu, kisha aanze upya kuelekea upande wa pili, kifua chake kikiwa kati ya adui na goli muda wote. Kusimama na kuanza kunachosha maradufu, hasa ukiwa na kilo 100, na ndiyo maana vijana wanakwepa bila kujijua.

La pili ni urefu wa zamu, yaani muda unaokaa barafuni kabla ya kupokewa na mwenzako. Zamu nzuri ni sekunde 40 hadi 45, kisha unatoka mwenyewe bila kuambiwa. Kijana aliyezoea kukaa dakika nzima anakwama zaidi kipindi cha pili, kwa sababu timu hubadilishana magoli na benchi lenu linakuwa mbali na eneo mnalolinda. Ukiishiwa pumzi ukiwa kwenye kona yenu, benchi liko mbali na adui yuko njiani.

La tatu ni kile kipigo cha kisahani kinachozungushwa ukutani na beki. Winga lazima atupe jicho nyuma ya bega kabla hakijafika, si baada. Kama adui yuko hatua moja, asijaribu ufundi: akisukume tu kwa gongo lake la kuchezea au kwa kiatu kivuke mstari wa bluu. Kisahani kinachopotea mita 2 ndani ya mstari huo ndicho kibaya kuliko vyote, maana wenzako wanne wameshaanza kugeuka kushambulia.

Kings walikuwa na Anže Kopitar kama senta wa kwanza, na 2021 wakamsajili Phillip Danault kuwa wa pili. Nafasi iliyobaki kwa Byfield ni senta wa safu ya tatu: dakika chache, wenza wa kawaida, na lawama zote za ulinzi. Namba zisingeweza kuwa nzuri.

Halafu ikaja ajali. Oktoba 5, 2021, kwenye mechi ya maandalizi dhidi ya Arizona Coyotes, aligonga ukuta na kuvunjika kifundo cha mguu wa kushoto. Mfupa wenyewe huunga kwa wiki kadhaa. Shida ya mteleza barafuni ni mkunjo. Kiatu cha hoki ni kigumu kama ubao, na nguvu yote ya hatua hutoka kwenye goti linalokwenda mbele kupita vidole. Goti haliendi mbele kama kifundo hakikunji. Kikipungua hata kidogo mchezaji anasimama wima bila kutaka, hatua zinakuwa fupi, na kwenye mgongano anasukumwa kwa urahisi. Ndiyo maana kupona kwa daktari na kupona kwa kocha ni tarehe mbili tofauti.

Mtunza vifaa naye huwa na kazi hapo. Chuma cha kiatu hakina makali ya kisu. Kimechimbwa mfereji katikati, chenye kingo mbili. Mfereji wa duara la nusu inchi unashika barafu zaidi kuliko wa inchi tano kwa nane. Mtu mzito anazama zaidi kwenye barafu, kwa hiyo kwa kawaida hufaa mfereji wa kina kidogo, la sivyo anachoka kila akitaka kuteleza na kifundo kinavutwa kila akisimama ghafla. Kijana aliyebeba vipimo vyake vya miaka 16 mpaka kwenye ligi ya watu wazima, huku ameongeza kilo 15, mara nyingi analalamika miguu mizito bila kujua kisa.

Alirudi NHL Januari 2022 akamaliza na mechi 40, magoli 5, asisti 5. Msimu uliofuata akaugua mwanzoni, akapelekwa tena Ontario. Kelele zikapanda: wa pili kwenye drafti, msimu wa tatu, bado AHL! Lakini angalia sheria ya weiva. Klabu ikitaka kumshusha mchezaji asiye na kinga, kwanza inamweka wazi kwa saa 24, na klabu nyingine yoyote inaweza kumchukua bure. Aliyesaini akiwa na miaka 18 ana kinga ya misimu 5 au mechi 160, kinachotangulia. Akicheza mechi 11 au zaidi katika msimu mmoja akiwa na 18 au 19, ile 5 inageuka 3. Byfield alikuwa bado ndani ya kinga. Kumpeleka Ontario arudishe nguvu na acheze dakika nyingi hakukuwa na gharama yoyote kwa klabu. Mwenzake wa miaka 25 aliyekuwa anacheza vibaya kuliko yeye angebaki Los Angeles, kwa sababu tu kumshusha kungekuwa hatari. Mashabiki huona hilo kama kipimo cha ubora, wakati ni kipimo cha karatasi. Huko Ontario alicheza mechi 16, pointi 15.

Aliporudi, kocha Todd McLellan alifanya uamuzi uliobadilisha mambo: akamtoa kwenye usenta, akampanga winga ya kushoto na Kopitar na Adrian Kempe. Mzigo wa kushuka nyuma ya goli ukabaki kwa Kopitar, ambaye aliuweza hata usingizini. Byfield akapewa kazi tatu: awahi kisahani kwenye kona ya adui, akilinde kwa mwili, asimame mbele ya kipa. Magoli yake yaliishia 3 msimu ule, lakini asisti zilikuwa 19, na ukiangalia mechi zenyewe unaona kisahani kilivyokuwa kinakaa upande wa adui. Hapo ndipo mtu makini angeacha kuhesabu magoli.

Lafrenière naye alipita hukohuko. Rangers walikuwa na Artemi Panarin na Chris Kreider kwenye winga yake ya kushoto, akaanza na pointi 21 katika mechi 56. Alipohamishiwa kulia pamoja na Panarin na Vincent Trocheck, 2023–24 akafunga 28. Tim Stützle, wa tatu kwa Ottawa, ndiye aliyewaka mapema: pointi 29, kisha 58, kisha 90. Lakini Stützle kabla ya drafti alikuwa ameshacheza msimu mzima na watu wazima Ujerumani, akiwa Adler Mannheim. Alipofika NHL tabia ya kuzunguka ilikuwa imeshatolewa mwilini mwake na mabeki wa miaka 30.

Kwa anayefuatilia vijana wanaoingia sasa, mambo machache yamebadilika. Kiwango cha juu cha mkataba wa kwanza kimepanda. Kwa waliochaguliwa 2024 na 2025 ni dola 975,000. Tangu Agosti 2025 waliocheza ligi za vijana za Kanada wanaruhusiwa kuingia vyuo vikuu vya Marekani, hivyo yule kijana asiye na mahali pa kucheza amepata njia ya tatu. Kijana Gavin McKenna ametoka Medicine Hat Tigers ya WHL akaenda chuo cha Penn State. Na kinga ya shingo ni lazima AHL tangu 2024–25, baada ya mchezaji Adam Johnson kufariki Sheffield, Uingereza, mwezi Oktoba 2023 kwa kukatwa na chuma cha kiatu.

Byfield alirudishwa usenta na mwaka 2024–25 akafunga magoli 23. Mkataba wake unalipa wastani wa dola milioni 6.25 kwa mwaka na unakwisha kiangazi cha 2029. Mchezaji wa NHL anakuwa huru kwenda klabu aitakayo akitimiza misimu 7 inayohesabika au miaka 27. Msimu ule wa mechi 6 haukuhesabika. Mitatu iliyofuata imo, na mitano ya mkataba huu ikiingia inakuwa 8. Atakuwa na miaka 26.